Kutoka Igombe hadi Kigoma, Kutafuta Kusimama Juu ya Maji

Tangu utotoni naota ndoto moja: nateleza juu ya maji, sizami wala silowi. Watu wa mtaani kwetu Chemchem, Tabora, wakiisikia hucheka, maana mimi ni fundi cherehani wa miaka arobaini na mmoja, na maji yetu ni ya kisimani. Shemeji yangu Paskali aliponunua boti ya injini ya kuvulia samaki bwawani Igombe, nilimwomba anivute kwa kamba nikiwa juu ya ubao wa mtumba. Nilianguka Jumapili zote. Mwishowe akachoka.

"Shemeji, samaki wanatukimbia. Nenda Kigoma ukafundishwe. Ukirudi bado unaanguka, tusisumbuane tena."

Jioni ya Alhamisi nilipanda treni, ubao nimeufunga kwa kanga. Njia hii ya magharibi mababu zetu Wanyamwezi waliitembea na mizigo mabegani mpaka Ujiji, nami nikaona haya kulalamikia kiti. Miti ya miombo ilipita dirishani kimyakimya. Nilisinzia nikidhani tunaelea.

Alfajiri tulikuwa Malagarasi. Ukungu ulitanda chini kabisa, miti ikaonekana haina mashina. Abiria mwenzangu aliuliza ule ubao ni wa nini, nikamwambia wa kupigia pasi. Sikuwa tayari kuchekwa mapema vile.

Kigoma, Ijumaa mchana. Bi Zuhura, mama wa Ujiji anayewafundisha wageni mchezo huu wa kuvutwa na boti juu ya maji, alinipokea ufukweni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nikione hicho kitanda ulichokuja nacho."

Aliusimamisha ubao kando yangu, ukanifika kwenye paji la uso. Viatu vilivyofungwa juu ya ubao huo nilikuwa nimevijaza vitambaa visinivuke. "Huu ni wa mwanamume mnene," alisema. "Wa kwako ukomee kifuani, na kiatu kikubane bila kukuumiza." Kisha akalishika jaketi langu la kujiokolea mabegani, akalivuta juu, likapanda mpaka masikioni. Akanipa dogo, pamoja na ubao mdogo. Siku hiyo niliingia majini na vifaa vinavyonifaa, nikaanguka vilevile.

Jumamosi asubuhi nilianguka mara tano zaidi. Moyo ulianza kunivunjika, nikamwona akilini Paskali akinipungia mkono wa kwaheri. Bi Zuhura akazima injini ya boti yake.

"Mwanangu, kwenu mnateka maji kwa kamba?"

"Tangu nina miaka saba."

"Ndiyo maana. Kamba ikikaza tu, unavuta ndoo. Hapa ndoo ni wewe. Nyoosha mikono, kunja magoti, ngoja uvutwe."

Kungoja kulinishinda mara mbili. Mara ya tatu nilifumba macho, kamba ikakaza, mikono ikatulia. Nilipofumbua nilikuwa nimesimama. Milima ya Kongo ilielea ng'ambo, ziwa likapita chini ya miguu yangu laini kama kitambaa cha hariri chini ya sindano, na sikusikia injini tena. Nililia kwa furaha huku nikiteleza.

Jumapili nikageuza kurudi Tabora. Bi Zuhura alibaki na ubao mkubwa, akasema atautia miguu uwe meza. Mimi nikaondoka na mdogo.

Jumapili iliyofuata, Igombe. Paskali aliwasha injini bila kuniangalia. Nikanyoosha mikono, nikangoja, nikasimama. Alipogeuka kuniokota akanikuta wima nyuma yake, akashangaa hadi boti ikaingia kwenye matete.

"Shemeji," alisema akijinasua, "Jumapili ijayo saa ngapi?"

Miaka yote nilidhani ndoto huvutwa kwa nguvu. Hii ilitaka nitulie tu, inivute yenyewe.

Kesho yake nilikwenda kisimani na ndoo kama kawaida. Kamba ilipokaza, mikono ilinyooka, magoti yakajikunja, nikasimama nikingoja. Jirani akaniuliza kama naumwa.