Programu ya Marehemu Ilifunguka Ikiwa Bubu

Siku programu ya marehemu mume wangu ilipokubali kufunguka, haikutoa sauti hata chembe.

Na kazi yake ilikuwa moja tu: kutoa sauti.

Ngojeni niwaeleze vizuri, msije mkasema kufiwa kumenirusha akili.

Mimi naitwa Thuraya. Naishi Kismayo na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ndiyo, wapo wanawake wa Kibajuni wanaofanya hivyo, na mikate ya mofa tunapika vilevile. Tuendelee.

Mume wangu, Tahir, alitengeneza kamusi ya Kibajuni inayosema. Unabonyeza neno, unalisikia. Aliwatengenezea watoto wa ndugu zetu waliozaliwa kambini Kenya na huko Ulaya, wanaojua kwamba ni Wabajuni lakini hata kusalimia hawajui. Maneno yote aliyatamka yeye mwenyewe, na alikuwa bado hajampa mtu.

Halafu akaenda kisiwa cha Kudhaa kutafuta maneno zaidi kwa wazee. Akarudishwa amefunikwa shuka. Moyo, walisema.

Sikulia.

Wanawake walijaa nyumbani wakanililia, mimi nikawa nawaonyesha pa kukaa. Nikakaa eda. Eda ikaisha, nami nikaendelea kukaa palepale. Mtu angekuja kuniambia nyumba inaungua, ningemwambia ahsante.

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe wangu, Mama Mishi, mzaliwa wa kisiwa cha Chula. Asubuhi moja akaja akakaa mkekani mbele yangu.

"Thuraya."

"Labeka, mama."

"Nachaka kumsikia mwanangu."

"Vipi tena, mama?"

"Kwa ile kamusi yake. Ifungue."

Nikaona mtihani. Kompyuta ya Tahir ilikuwa imeshakufa, na simu yake iliingia maji kulekule Kudhaa. Simu yangu nayo ilizimika mazima muda mfupi kabla ya msiba, ikaondoka na kila alichowahi kunitumia. Sauti yake iliyobaki, kwa nilivyojua mimi, ilikuwa ndani ya kamusi ile, ambayo nakala yake aliniwekea kwenye kompyuta yangu. Na alikuwa amezifungia sauti zote kwenye faili moja kwa ufundi wake mwenyewe, faili ambayo programu yake tu ndiyo iliyojua kuisoma.

Programu yenyewe ilijengwa juu ya zana za zamani, zile zinazochora madirisha na vitufe unavyoviona kwenye kioo. Kompyuta yangu ilikuwa na toleo jipya la zana hizo. Jipya na la zamani hayaivi chungu kimoja.

Nikaamuru kompyuta ijenge programu.

Ikanitukana ukurasa mzima.

Jina hili halijulikani. Kitu hiki kimeondolewa. Sehemu hii imehamishiwa kwingine. Unarekebisha moja, yanazaliwa mengine.

Nikampigia Jaafar wa Mombasa, aliyekuwa akishirikiana na Tahir kwenye kazi hizi.

"Dada, hiyo ni kazi ya kichaa," akasema. "Andika upya."

"Sauti zimo ndani, Jaafar."

"Basi anza na kosa la juu kabisa. Mengi ya chini yatakufa yenyewe."

Nikafanya hivyo. Sikuwa na hamu wala sikuwa na uchungu. Vidole vilikwenda tu. Msimbo wa Tahir ulikuwa umejaa mizaha yake pembeni, na mimi nilikuwa naipita kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa.

Kila siku Mama Mishi ananijia.

"Makosa yangalipo?"

"Yapo, mama."

"Haye. Kula kwanza."

Nami nakula, ili aondoke niendelee.

Ikafika siku kompyuta ikajenga mpaka mwisho bila kosa. Dirisha likafunguka, maneno yakajipanga. Nikamwita.

"Tayari, mama. Makosa hakuna."

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Sikuwa nimesikiliza hata neno moja. Kwetu nyumba ya msiba haipigi kelele. Siku ya mazishi tulizima redio na runinga, na kompyuta yangu nikaifunga sauti. Eda ilipoisha hakuna aliyekumbuka kufungulia. Kimya kilikuwa kimeshatuzoea, na nilipobonyeza vitufe bila kusikia kitu, niliona ndiyo sawa.

"Haya, bonyeza," Mama Mishi akasema.

Nikabonyeza. Kimya.

Nikacheka peke yangu, nikafungulia sauti. Kimya.

Nikatoa spika uvunguni, nikazichomeka. Kimya.

"Hukusema makosa hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Sasa mbona hasemi?"

Nikaogopa. Wallahi, hiyo ilikuwa hisia yangu ya kwanza tangu mazishi, na sikuipenda. Kama ile faili imeharibika, basi Tahir kafa mara ya pili, tena mikononi mwangu.

Nikampigia Jaafar tena.

"Kicheza sauti cha zamani kilijua chenyewe pa kuipeleka sauti," akasema. "Hiki kipya lazima ukiambie. Usipokiambia kinacheza hivyohivyo, hakisikiki, wala hakilalamiki."

Mistari miwili tu. Nikaiongeza, nikajenga tena, nikabonyeza.

"Mchu," Tahir akasema. Yaani mtu, kwa Kibajuni chetu.

Alikuwa amesahau kuzima kinasa sauti, maana aliendelea: "Thuraya! Chai imepoa, au hata hukuipika?"

Na mimi, kwa mbali, kutoka jikoni: "Njoo uipike mwenyewe!"

Kisha kicheko chake.

Nililia. Nililia mpaka nikalala chini mkekani, kamasi zinanitoka, nikamwita kwa jina lake mbele ya mama yake bila haya. Mama Mishi akaniweka kichwa mapajani, akaniacha.

Nilipotulia nikamuuliza, "Nikuwekee tena, mama?"

Akatoa simu yake kifuani. Akabonyeza.

"Assalamu alaikum, mama, umeamkaje?" Tahir huyo. Akabonyeza nyingine. Tahir tena, anauliza kama dawa amekunywa.

"Zimo tele," akasema. "Miye si mchu wa kusoma. Kila siku alinitumia sauti."

"Mama! Unazo? Sasa makosa yale yote ulinitesea nini?"

"Sauti ya mwanangu sikuikosa," akasema, huku ananifuta uso kwa mtandio wake. "Nilokuwa nimemkosa ni weye."

Ndugu wasomaji, katika kazi yetu kosa linalopiga kelele lina nafuu, maana linakuonyesha na mahali lilipo. Ogopeni pale kila kitu kinaposema sawa na hamsikii chochote. Ukiwa na mfiwa asiyelia, anayekujibu "alhamdulillahi, niko sawa" kila ukimuuliza, usimpe mawaidha ya subira. Mpe kazi ya kufanya, mpelekee na chakula, kisha kesho urudi kumuuliza amefika wapi.