Ngazi Iliyokwisha Kugeuzwa

Mwashi huyu jina la kuzaliwa analo, lakini mtaa mzima unamwita Bi Geuza, na mumewe mwenyewe ameshasahau lile jingine. Kola ya shati ikichakaa, huifumua, akaigeuza, akaishona upya. Godoro hugeuzwa kila Jumamosi, mume akiwa bado amelala juu yake.

Basi jengo la kale la posta likaanza kukarabatiwa, na mhandisi kijana akaitazama ngazi ya mawe kwa huruma. Vidato ishirini na viwili, vyote vimelika mbele kama sahani za supu. Mawe mapya yalikuwa ghali mno.

"Tuvunje, tumwage zege," akasema.

Bi Geuza nusura ameze mwiko. "Uvunje mawe aliyokanyaga bibi yako akileta barua? Mwanangu, jiwe lina mgongo na tumbo. Mgongo umechoka, tumbo halijaguswa. Tunageuza tu!"

"Na tumbo likiwa bovu?"

"Ngazi uivunje, na zege nilikoroge mimi. Bure!"

"Mke wangu, mdomo huo!" mumewe, msaidizi wake wa kazi, akalia, maana mkorogaji wa kweli alijijua.

Wakaanza na kidato cha juu. Wakachokonoa chokaa, wakapenyeza mtaimbo, haya, haya, hoyaa! Jiwe likapinduka. Lo! Tumboni nako sahani! Kumbe mafundi wa kale nao walikuwa wabahili wa kutupwa, walishageuza zamani.

Mhandisi alicheka mpaka kofia ya kazi ikamdondoka. Mume, mtu wa amani, akaenda kutafuta beleshi. Bi Geuza akakaa juu ya jiwe lake. Kiganja kikawa kinapapasa ukingo wa nyuma, ule uliokuwa umejificha chini ya sakafu ya ghorofa. Ukingo ulikuwa mkali kama umechongwa asubuhi ile.

Akaruka. "Wazee walipindua, hawakuzungusha! Nyuma kuje mbele!"

Wakalizungusha. Sehemu iliyolika ikaingia mafichoni, ikashindiliwa chokaa na vigae. Mhandisi akaweka pimamaji, akainama, akapiga chafya, akainama tena. Kiputo cha hewa kikatulia katikati.

"Ngazi inabaki," akasema, sauti ndogo.

Bi Geuza akapanda na kushuka mara tatu akipiga vigelegele, mumewe nyuma yake na beleshi lisilo na kazi.

"Na ikilika tena, mama, watageuza nini?" mhandisi akauliza.

"Watamgeuza mhandisi. Haya, shika upande huo. Bado ishirini na kimoja."