Tundu la Sindano Kiganjani

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ile ya Mbinga, Fundi Mkuu, mtu wa Dodoma asiye na maneno mengi, alilaza kipande cha marumaru juu ya meza ya mashine. Akawasha pampu. Maji membamba kama uzi yakakipasua vipande viwili. Akaniambia nisidanganyike kwamba yale ni maji tu.

Ndiye aliyenifundisha. Mpira na sponji hukatwa kwa maji matupu. Chuma, kioo na mawe hutaka maji yaliyochanganywa na mchanga mgumu, yakitokea kwenye pua, kitundu cha mwisho cha mashine. Chuma hakipati moto, kwa hiyo hakipindi. Tulikata mikanda ya mpira ya migodi ya makaa, mabamba ya boti za ziwani, na mawe ya makaburi ya watu wa Mpepai na Mbuji.

Fundi Mkuu alipohamishwa, akaja Msimamizi mwenye haraka. Mimi nikawa mwendesha mashine. Msaidizi wangu alikuwa Fulgence wa Mapera, baba wa watoto wanne.

Asubuhi moja tulikuwa tunakata bamba la boti ya abiria iliyokwama Mbamba Bay. Nguvu ya maji ikashuka. Fulgence alisikia mluzi kwenye bomba, akapitisha mkono kutafuta panapovuja, mara akaurudisha. Kiganjani palikuwa na tundu kama la sindano. Hapakuwa na damu.

“Ni kama mwiba tu, kaka,” aliniambia.

Msimamizi akaagiza plasta. Lakini mimi nilijua. Fundi Mkuu alikwishanionya kwamba maji yale hupenya ngozi na kusambaza uchafu ndani ya nyama, na aliyechomwa apelekwe kupasuliwa saa ileile, hata kama anacheka. Nilimweleza Msimamizi, kwa sauti ya chini.

“Wewe ni daktari?” akauliza. “Boti inasubiri.”

Nikabadilisha bomba. Tulikata hadi jioni, Fulgence akifanya kazi kwa mkono wa kushoto.

Kesho yake mkono wa kulia ulikuwa umevimba hadi kiwikoni, vidole vimekuwa vyeusi. Hospitalini Songea daktari alimuuliza kwa nini amechelewa. Akajibu kuwa hakujua. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Waliukata chini ya kiwiko.

Fulgence alirudi kwenye shamba lake la kahawa. Baada ya miezi kadhaa nilimfuata Mapera, nikamwambia yote niliyoyajua siku ile. Mkewe aliacha kuchambua kahawa, akaingia ndani. Fulgence akaendelea kuichambua.

“Ungenishika ukanitoa nje, ningekufuata,” alisema.

Tangu hapo nilizima mashine kwa mchubuko wowote ule, nikapewa barua za onyo, nikazipokea.

Nilipostaafu, meneja alinisifu mbele ya watu kwamba nimemaliza kazi nikiwa na vidole vyangu vyote kumi. Wakapiga makofi. Fulgence, niliyemwalika mwenyewe, alikuwa ameketi mbele. Alipiga paja lake, polepole, kwa mkono mmoja.