Nilijua mpira unakwenda wapi, nikanyamaza: tulivyofungwa Ikinga

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Hii imenitokea mimi mwenyewe, wiki chache tu zilizopita. Ningeweza kuipunguza ili nionekane nafuu, ila nimechoka kujipendelea. Naiweka kama ilivyo.

Mimi ni beki wa kati wa timu moja ya mtaani hapa Tunduma. Kwenye kombe la mkoa tulibakiza mechi moja ya makundi, ugenini Ikinga, kule milimani Ileje. Droo ilitutosha kupita. Tukifungwa, wanapita wao.

Sasa kuna kitu timu nzima ilikuwa haikijui.

Baba yangu ni Mnamwanga, lakini mama ni Mndali wa hapo hapo Ikinga. Mama alipougua, mjomba, kaka yake, alinichukua akanilea mpaka nikamaliza darasa la nne. Kindali nakiongea bila kutafuta neno. Kule naitwa Lwitiko. Tunduma wananiita Chuma.

Kwa nini nilificha? Wakuu, ni ujinga mtupu. Kwenye timu yetu ukipiga pasi ya hovyo au ukivaa viatu vya kizamani, unaitwa "Ileje". "We Ileje, amka!" Basi watu wanacheka. Mimi sikucheka tu, nilikuwa nalitumia hilo jina kuliko wote. Ukishalitumia hivyo, unarudije kusema mama yako katokea huko?

Siku ya safari, ndani ya Kosta ilikuwa ni hilo tu. Eti wapinzani watacheza na masweta na mabuti ya shambani. Na mimi nikachangia la kwangu, likachekwa sana.

Tulipofika kulikuwa na ukungu na baridi ya kwelikweli. Watu wamejipanga pembeni ya uwanja wamejifunika mashuka. Mjomba nilimwona mapema, na koti lake la kahawia ninalolijua tangu utoto. Nikageuza macho.

Mechi ikaanza. Wale jamaa uwanjani wanaelekezana kwa Kindali, wanajua hatusikii. Kipindi cha kwanza kapteni wao akamwambia winga apenyeze mpira nyuma yangu. Nikawahi, nikaukata.

Kipa wetu, Side, akacheka kwa sauti. "Chuma, unawasikia hawa nini? Au na wewe Ileje?"

Nikamwambia nimebahatisha tu. Ila tangu hapo nikawa nacheza huku najichunga, wenzangu wasishtuke. Hebu fikiria, beki anajichunga na timu yake mwenyewe.

Dakika za lala salama, bado bila bila, wakapata faulo karibu na boksi. Kapteni wao akamwambia mpigaji, kwa Kindali, asipige golini. Amwinulie yule mrefu, atatokea nyuma ya watu upande wa mbali, hakuna anayemwangalia.

Nilisikia kila neno.

Nilichotakiwa kufanya ni kusogea kidogo tu. Au nimwambie beki wa kushoto, mkabe yule mrefu. Nikakumbuka kicheko cha Side. Nikasema moyoni, nikiwahi na huu watajua.

Nikabaki nimesimama.

Mrefu akatokea pale pale aliposemewa. Kichwa, goli. Mpira haukuchukua muda ukaisha, moja bila. Dogo wetu wa winga akakaa chini katikati ya uwanja analia, kocha anamwinua. Mimi nikawa napiga watu mabegani, eti tujikaze, ndiyo mpira.

Kule mgeni haondoki na njaa, hata kama umemfunga. Kina mama walileta viazi vya kuchemsha na chai, na mjomba akaja nyuma yao. Akanifuata moja kwa moja, anatabasamu. Akaniita Lwitiko. Akanisalimia kwa Kindali, akaniuliza mguu wa mama unaendeleaje.

Timu yote ikageuka. Side ana kiazi mkononi, anasubiri nitajibu nini.

Nikasema, "Mzee samahani, Kindali mimi sikisikii."

Mjomba aliniangalia. Halafu akawageukia wenzangu, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mnisamehe, vijana. Nina mtoto wangu anafanana na huyu. Macho yangu siku hizi siyo mazuri."

Akanimiminia chai, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Kama mgeni.

Kurudi, hakuna aliyenilaumu. Kocha alisema lile goli ni bahati yao. Nilitamani mtu anitukane.

Nyumbani mama ananiambia mjomba kapiga simu. Kasema nimecheza vizuri sana, ila hatukuwahi kusalimiana kwa sababu gari letu lilikuwa na haraka. Yaani amenifichia mara mbili, kwa wenzangu na kwa dada yake. Nililia chooni kama mtoto.

Juzi mazoezini nikajikaza, nikamwambia Side ukweli wote. Nilijiandaa kwa kicheko. Hakucheka. Akasema, "Sasa si ungesema tu? Tungepita."

Basi. Kumbe hicho nilichokuwa nakilinda hakuna hata aliyekuwa anakitaka.

Nilichojifunza ni kwamba aibu ya kuchekwa inaisha siku hiyo hiyo. Hii niliyonayo mimi naamka nayo na nalala nayo.

Jana nimempigia mjomba. Nikamsalimia kwa Kindali, salamu yote ndefu kama alivyonifundisha.

Akanijibu kwa Kiswahili. Kwa upole kabisa, akaniuliza habari za Tunduma.

Wakuu, wenye wajomba, nisaidieni. Naanzia wapi?