Mstari Uliopinda

Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini mafundi wa ujenzi walimwita Rula, na hilo ndilo lililoshika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akichora ramani za majengo, kwanza kwa penseli kwenye makaratasi makubwa kama shuka, halafu kwa kompyuta. Fundi mkuu mmoja aliwahi kumsifu mbele ya watu, akasema ukuta uliochorwa na Rula unaweza kuujenga huku umefumba macho. Rula alijifanya hakusikia, lakini alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama bibi harusi.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye haraka, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba: meza, kiti kilichochakaa mikono, na kompyuta yenye kioo kidogo cha siku nyingi. Mhandisi alimtumia vipimo, yeye akavigeuza kuwa ramani.

Asubuhi moja, akichora zahanati ya ghorofa moja, aliona ukuta umepinda. Haukupinda sana. Ulishuka kidogo katikati, kama kamba iliyoanikwa shuka bichi. Akaufuta, akauchora upya. Ukapinda tena, palepale. Akakifuta kioo kwa kitambaa. Akazima kompyuta, akawasha. Ukuta ulikuwa bado umelegea, na tarakimu zilizokuwa pembeni yake zilififia kana kwamba mtu amezipitishia kidole chenye maji.

Akampigia mhandisi simu. "Kioo changu kinakufa," alisema.

"Hicho kilipaswa kuzikwa zamani," mhandisi akacheka. "Nenda kanunue kikubwa, kizuri, ofisi italipa. Usiniletee kitu cha ovyo, kazi ya zahanati ndiyo kwanza inaanza."

Kesho yake akaenda dukani na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi alikuwa msusi, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika barabara ya pili. Tangu msiba hakumwacha Rula apumue. Kila siku lazima apite, aangalie kama amekula.

Duka lilikuwa na ukuta mzima wa vioo vikubwa, vyote vikionyesha maua yaleyale. Muuzaji, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya taratibu, aliuliza kwanza anafanya kazi gani. Aliposikia ni ramani, hakumpeleka kwenye kile kikubwa kuliko vyote.

"Hicho ni cha sinema, mama," alisema. "Wewe unataka herufi ndogo zisomeke. Kioo kikiwa kipana halafu chembe zinazounda picha ni chache, mstari unakuwa na meno kama msumeno. Njoo huku."

Akawasha kimoja cha inchi thelathini na mbili. Ili kumwonyesha kwamba hakina kasoro, akaweka picha nyeupe yenye mistari myeusi iliyokatizana, miraba midogo midogo kutoka pembe hadi pembe.

Rula akatazama. Katikati ya miraba ile palikuwa na mahali mistari ilipovutwa kuelekea ndani.

"Hiki kibovu," alisema. "Kimepinda hapa."

Muuzaji akainama, akatazama. Akawasha kingine. Rula akatikisa kichwa. Kingine tena. Cha nne. Kila alipogeuza macho, ule mvuto ulimfuata kama nzi.

"Wifi," wifi akasema polepole, "mbona mimi naona imenyooka?"

Muuzaji alikuwa amekunja mikono, hamtazami usoni. "Mama," alisema kwa upole, "hebu funika jicho moja. Halafu la pili."

Akafunika la kulia. Mistari ikanyooka yote, safi, kama aliyoichora mwenyewe. Akafunika la kushoto, akatazama kwa lile la kulia ambalo siku zote aliliamini zaidi. Mistari ikazama. Na pale katikati kabisa palikuwa na doa la kijivu, dogo kama punje ya mchele.

Akashika ukingo wa meza.

"Nimechoka tu," akasema. "Twende, wifi. Tutarudi siku nyingine."

"Unatetemeka."

"Nimekwambia nimechoka!"

Njia nzima wifi alimshika mkono kila walipovuka barabara.

Baba yake Rula alikuwa seremala, na alipofuka akiwa na miaka hamsini na tano. Rula alikuwa msichana wakati huo. Alikumbuka baba akipapasa ubao kwa kidole gumba, akisema anaona, anaona vizuri, huku msumeno ukiwa umeshatoka nje ya alama. Baadaye aliketi kwenye kiti karibu na mlango kwa miaka kumi na moja, akiuliza nani anapita. Sasa kila Rula alipokaa mbele ya kioo chake cha zamani alikiona kile kiti. Akilini alijihesabia: miaka mitatu. Nimebakiza mitatu.

Hakumwambia mtu. Alijifunza kuinamisha kichwa upande ili doa liangukie mahali patupu. Kila alipoamka alifunika jicho moja na kutazama fremu ya mlango, akitumaini, na kila asubuhi fremu ilikuwa na tumbo. Chai ilimpoea mkononi. Wifi alipokuja alimkuta amejitia kufagia, asitazamane naye. Mhandisi alipouliza habari za kioo, alimjibu kwamba bado anachagua.

"Wiki mbili unachagua kioo? Au unachagua mchumba?"

Akacheka naye, jasho likimtiririka mgongoni.

Siku ya kumi na saba simu ililia saa nne asubuhi. Safari hii mhandisi hakuwa na utani.

"Rula, fundi mkuu amekataa kumwaga zege. Anasema nguzo mbili za juu hazikai juu ya za chini. Nimetazama ramani, kweli. Kipimo nilichokupa ni tatu nukta nane. Wewe umeandika tatu nukta tatu."

Rula akafungua ramani. Akatazama kwa jicho la kulia: tatu. Akafunika, akatazama kwa la kushoto: tatu. Ndivyo alivyoandika kweli. Kisha akaisogelea karatasi ya vipimo ya mhandisi, na kwa jicho la kushoto akaiona nane, nyeusi, imara, haina mzaha.

Nusu mita. Akaliona jengo limekwisha, limepakwa rangi. Akawaona akina mama na watoto wao mgongoni wamepanga foleni ghorofani kungoja chanjo, na chini yao nguzo mbili zisizokutana.

"Rula? Upo?"

Angeweza kusema ni haraka. Angeweza kusema ni kioo. Maneno yalishafika ulimini.

"Ni macho yangu," alisema. "Sioni vizuri. Nimejua tangu wiki mbili zilizopita nikanyamaza. Nisamehe. Mwambie fundi asimwage chochote."

Upande wa pili alisikia makaratasi yakifunuliwa.

"Hajamwaga," mhandisi akasema hatimaye. "Zote ulizochora mwezi huu nitazikagua mwenyewe leo. Nimekasirika, sitakuficha. Lakini wewe sasa hivi nenda hospitali. Si kesho."

Rula alimpigia wifi simu, naye akaacha mteja wake na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimefumuka, akaja. Hospitalini waliketi kwenye benchi pamoja na watu waliozibwa macho kwa pamba. Rula alimshika wifi mkono kwa nguvu hadi wifi akalalamika.

"Utanivunja vidole, nisuke kwa nini? Kwa meno?"

Rula akaulegeza kidogo, kisha akaushika tena.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, wa maneno machache. Alimtia dawa ya matone, akamulika, akapiga picha, akamulika tena. Halafu akavuta kiti.

"Nyuma ya jicho lako la kulia, katikati pale unaposomea, kuna vijishipa vinavuja maji. Maji yameinua mahali palipotakiwa kuwa bapa, ndiyo maana mistari inapinda. Wifi yako ameniambia baba yako alipofuka. Yeye aliona vitu vikipinda?"

"Hapana," Rula akasema. "Alisema ni kama anatazama kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba."

"Basi ule ulikuwa ugonjwa mwingine. Tutaupima pia, lakini leo sioni dalili yake. Huu wako una dawa. Ni sindano."

"Ya mkono?"

"Ya jicho."

Rula alisimama kabisa, akashika mkoba wake, na angetoka kama wifi hangekuwa amekaa mlangoni kama gunia la chumvi.

"Pita kama unaweza," wifi akasema. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa machozi.

Sindano alichomwa siku mbili baadaye. Walimtia ganzi ya matone, wakamfunika uso, likabaki jicho peke yake, wazi, haliwezi kujificha. Alisikia kiatu cha daktari kikisogea. Alitaka kupiga kelele, ulimi ukagoma. Akahesabu ngazi za majengo aliyowahi kuchora. Alipofika ngazi ya kumi na tisa akasikia kitu kikimsukuma, hakikumchoma, na ndani ya jicho ukatanda ukungu mweusi wenye mapovu.

"Tayari," daktari akasema.

"Tayari nini?"

"Nimemaliza, mama."

Akalia kwa sauti, asijali nani anamsikia.

Sindano ya pili ilikuja mwezi uliofuata, na ya tatu mwezi baada ya huo. Hofu haikupungua kwa kuzoea. Ila mistari ilianza kurudi. Haikurudi yote. Daktari alimwambia wazi kwamba doa linaweza kubaki kivuli, na kwamba maji yakirudi lazima aje haraka. "Usijifiche tena," alisema.

Baada ya sindano ya tatu walirudi dukani. Muuzaji alimkumbuka, akauliza habari ya jicho kabla ya biashara. Rula alikuwa amebeba ramani yake mwenyewe kwenye flashi. Akaomba ifunguliwe kwenye vioo vitatu, akakaa umbali wa mkono mmoja, akasoma vipimo vidogo kuliko vyote kwa sauti, jicho moja, kisha jingine, kisha yote mawili. Cha kwanza, kinachong'aa, kilimwonyesha uso wake na taa za dukani, akakikataa. Cha pili, mguu wake haukuweza kupandishwa wala kushushwa. Cha tatu kilikuwa cha inchi thelathini na mbili, kisichomemeta, chenye chembe zilizobanana kiasi kwamba hata alama ya nukta ilisimama peke yake. Alikishusha hadi kikawa chini kidogo ya macho.

"Hiki," alisema.

Alimwandikia mhandisi sharti moja: ramani yake yoyote isitoke bila mtu wa pili kuipima. Mhandisi alikubali, na kwa wiki kadhaa Rula alikuwa akituma kazi na kukaa mikono mapajani, akingoja simu. Ya kwanza ilipita. Ya pili pia. Ya tatu, nyumba ya kuishi, simu ikalia, naye akaipokea huku amefumba macho.

"Kuna kosa," mhandisi alisema.

"Wapi?"

"Choo. Umekichora vizuri, ukubwa sawa, dirisha sawa, mabomba sawa. Mlango hukuweka. Mwenye nyumba atapita dirishani?"

Rula akaifungua. Kwa jicho la kulia, kwa la kushoto, kwa yote mawili: kuta nne nzima, hazina mlango. Hilo halikuwa kosa la jicho. Alikuwa amesahau tu, kama anavyosahau mtu yeyote aliyekatizwa kazi na wifi mwenye umbea. Kicheko kilimtoka, kikawa kikubwa, kikawa hakizuiliki, hadi wifi akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza kuna nini, nani amekufa.