Jiwe la Mama

Harufu ya wanga wa kanga mpya, hapa dukani Kariakoo, imenirudisha uani kwetu Mchafukoge. Jirani alianika kanga yake mbele ya mlango wetu makusudi, maandishi yakimtazama mama: HUNA CHAKO DUNIANI.

Nikalia, “Mama, na sisi tununue ya kumjibu!”

Mama akaendelea kukamua nguo. “Mwache, mwanangu.”

Sikumwacha. Nimekua, nikagundua asteroidi, jiwe linalozunguka jua huko kati ya Mirihi na Mshtarii. Njia yake ilipothibitishwa, nikaambiwa nipendekeze jina. Nikatoa la mama, likapita.

Jirani bado yu hai. Nimemwagizia doti nzima, nitampelekea mwenyewe, kwa shikamoo na magoti. Imeandikwa: CHA MAMA KIKO JUU, INUA SHINGO UKITAFUTE.