Kipanga wa Mgungani

Huku Kinyangiri kila ndege mwenye kucha ni mwewe, mwizi wa vifaranga, basi. Mimi hubisha mpaka mume wangu hunitania: "Haya, wakili wa kipanga kaamka." Lakini yule wa kwenye mgunga wa shambani kwetu hakuwa mwewe hata kidogo. Alikuwa mdogo, analingana na njiwa, mgongo wa kijivu, kifuani michirizi ya rangi ya kutu, jicho jekundu. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka angani. Alijibanza kwenye majani, kimya, ukija kushtuka ameshapita chini chini na mjusi wake.

Mwaka huu jike wake alitotoa makinda wawili mgungani. Dume anawinda, jike anapokea, anachanachana, anawalisha. Nikiamia shambani, kufukuza ndege wasile nafaka, nilikuwa nawatazama wao zaidi kuliko mtama.

Kisha kwelea kwelea, vindege walao nafaka kwa maelfu, wakatuvamia, mtama ungali na maziwa. Jamani, wale ni balaa! Tuliomba ndege ya dawa ije kama tunavyoomba mvua. Ikaja jioni, ikanyunyiza vichaka wanakolala. Mtendaji akapita na kipaza sauti: mtu asiokote kwelea wala asimle, ana sumu. Kwetu kwelea ni kitoweo kizuri, ila tuliogopa, tukatii.

Kipanga nani amtangazie?

Asubuhi kwelea waliobaki walikuwa wanapepesuka mtamani kama walevi. Yeye akaona neema. Nilipomwona kambeba wa kwanza, anaelekea kwenye kiota, nilikimbilia mgungani. Nikashika kombeo, nikaanza kumrushia madongo baba wa watu asiwafikie wanawe.

"Tupa! Kitupe hicho, mjinga wewe!"

"Mama watoto, acha," mume wangu akasema. "Utaumia bega bure."

Nikimfukuza huku, anapenyea kule. Mwishowe akafika. Jike akampokea, akanyonyoa manyoya taratibu, akamlisha mmoja, akamlisha wa pili, kwa upole ule ule wa siku zote. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia kwa hasira, maana ndege ile tuliiita wenyewe, na bila ile tungelala njaa, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Mtama ulipona. Kesho yake kiotani hapakuwa na sauti. Dume nilimkuta njiani kuelekea mgungani, kaanguka kifudifudi, amekufa, na kwelea mwingine kwenye kucha. Alikuwa bado anawapelekea.